Wageni Wasiopiga Hodi

Mama atuandikiapo jina la binti yake anayeolewa, tarehe ya harusi, mtaa wanaokaa na nambari ya simu, ametukabidhi amana. Akiyaandika daftarini, twajua daftari limelala wapi. Akiyaandika kwenye tovuti, yatupasa kuuliza ni macho ya nani mengine yanayoyasoma. Swali hili lilitushughulisha sana sisi akina mama wa chama cha mapishi hapa Mji wa Kale, Mombasa, tulipokuwa tukijitayarisha kupokea maagizo kwa njia ya intaneti.

Tovuti tulitengenezewa na binti wa mwenzetu aliyesomea kazi hiyo. Kabla haijafunguliwa kwa watu tulimwuliza kila kilichomo kimetoka wapi, naye akatujibu kwa ukweli, Mungu amjaze kheri. “Mama zangu, maandishi na fomu ni vyetu. Ramani, kisanduku cha mazungumzo, herufi hizi za urembo na baadhi ya picha viko kwenye kompyuta za watu wengine. Mimi nimeviunganisha tu. Tovuti nyingi ndivyo zifanywavyo.”

Maana yake ni hii. Ukurasa wetu umehifadhiwa kwenye seva yetu, lakini ndani yake mna maagizo ya kwenda kuchukua vipande kwingineko. Msomaji aufunguapo, simu yake ndiyo inayokwenda kubisha milango hiyo. Yeye huona jina letu tu juu ya ukurasa. Hajui kuwa wenye seva zile nao wamekwisha kuipata anwani ya intaneti anayotumia na saa aliyofika, na mara nyingi hata tovuti aliyokuwa akiisoma. Januari 2022 mahakama ya mjini Munich, Ujerumani, iliamuru mwenye tovuti mmoja amlipe msomaji euro 100 kwa sababu herufi za tovuti yake zilichukuliwa kutoka seva za Google, na anwani ya msomaji ikaenda huko bila ridhaa yake. Herufi tu!

Picha iliyohifadhiwa kwa mwingine ina shari ya pili: mwenyewe aweza kuibadilisha au kuiondoa wakati wowote. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani ya Photobucket, iliyokuwa imewahifadhia watu picha zao kwa miaka mingi, ilianza kudai dola 399 kwa mwaka kutoka kwa waliotaka picha hizo zionekane katika tovuti nyingine. Kurasa chungu nzima zikabaki na tangazo la kudai malipo mahali palipokuwa na picha. Tena, kuivuta picha kutoka seva ya mtu bila idhini ni kumtwisha gharama ambayo hakuikubali, na hiyo ni haki ya mtu.

Lakini picha hutazamwa tu, ilhali skripti hutenda. Hayo ni maagizo yanayotekelezwa ndani ya simu ya msomaji, na kivinjari hakitofautishi skripti tuliyoiandika wenyewe na ile tuliyoialika kutoka nje. Zote zina mamlaka sawa juu ya ukurasa. Aliyealikwa aweza kusoma kila herufi inayoandikwa kwenye fomu hata kabla ya kitufe cha kutuma kubonyezwa, kubadilisha nambari ya malipo inayoonekana, au kumhamishia msomaji kwingine kabisa. Si mgeni wa barazani huyu. Amepewa funguo hadi vyumba vya ndani. Na aweza kubadilika usiku mmoja ilhali mwenye nyumba hajagusa chochote.

Hayo yametokea. Tarehe 11 Februari 2018, skripti ya Browsealoud, iliyokuwa ikiwasomea kurasa kwa sauti wenye shida ya kusoma, iliingiliwa na wahalifu. Tovuti zaidi ya 4,000 zilizoitumia zikaanza kuzitumikisha kompyuta za wasomaji wake kuchimba sarafu za kidijitali. Miongoni mwake ilikuwamo tovuti ya ofisi ya Uingereza inayosimamia ulinzi wa taarifa za watu.

Kisa cha 2024 ndicho kilichotukosesha usingizi. Skripti iliyoitwa Polyfill ilizisaidia simu na kompyuta za zamani kufungua kurasa za kisasa, na tovuti zaidi ya 100,000 ziliitegemea. Mwezi Februari anwani yake ilinunuliwa na kampuni nyingine. Andrew Betts, aliyeianzisha kazi hiyo, aliwashauri watu waiondoe mara moja. Wengi hawakuiondoa. Mwezi Juni iligunduliwa kuwa skripti ileile ilikuwa ikiwahamisha baadhi ya wasomaji wa simu na kuwapeleka kwenye tovuti za kamari. Tena kwa saa maalumu, na ikijificha ikihisi kuwa anayetazama ni msimamizi wa tovuti. Fikiri mtoto amefungua ukurasa wa masomo, akajikuta mlangoni pa kamari, na mwalimu akiufungua haoni kitu.

Hata programu za simu hujengwa kwa vipande vya wengine. Novemba 2020 ilifichuliwa na waandishi wa Motherboard kuwa Muslim Pro, ambayo mamilioni ya Waislamu huitumia kujua nyakati za swala na kibla, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya X-Mode, iliyowauzia wakandarasi wa jeshi la Marekani. Baada ya habari hizo, Muslim Pro ilitangaza kukata uhusiano na X-Mode.

Basi tulishauriana. Kisanduku cha mazungumzo kiliondolewa. Anayetaka kuzungumza nasi atapiga simu. Herufi zimenakiliwa kwenye seva yetu, na picha za sinia na kaimati tumezipiga wenyewe. Skripti mbili za lazima nazo zimenakiliwa, na binti yetu ametuonya kuwa nakala hutaka kuangaliwa kila mara, kwani ya zamani huweza kuwa na kasoro iliyokwisha kurekebishwa kwingineko. Ipo njia nyingine kwa skripti ya nje isiyobadilika: kuiwekea alama ya uthibitisho, ili herufi moja ikigeuzwa kivinjari kiikatae. Tumeafikiana kuwa hakuna skripti ya nje itakayokaa kwenye ukurasa wa fomu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 humbebesha dhamana anayekusanya taarifa za watu, nasi ndio tunaozikusanya.

Ramani ndiyo iliyozua ubishi, kwa kuwa wateja wa Likoni na Nyali hupotea vichochoroni. Mwishowe tumeandika maelekezo kwa maneno: shuka Ngome ya Yesu, ingia mtaa wa Ndia Kuu, kisha uliza.