Kokoto Zetu Ziko Ndani ya Ule Msingi



Kila asubuhi watoto wetu wanaingia katika ile shule mpya ya kartie. Tunafurahi kuwaona. Lakini sisi mama 11 wa kikundi cha kuvunja mawe tunapopita pale, macho yetu yanaenda chini, kwenye msingi. Kokoto zilizo ndani ya ule msingi ni zetu. Tulizivunja kwa nyundo miezi miwili, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Tulitoa kamioni 14, kila moja kwa dola 70. Siku ya kufungua shule tulikuwa hatujalipwa hata franga moja.

Wiki hii tumeombwa tuwaeleze yaliyotupata, na tunayaeleza yote, hata yale ya aibu, maana tunajua vikundi vingine vimeanza kuuza mchanga na mawe kwenye shantie za serikali.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Serikali ilitoa kazi kwa antreprize kubwa. Antreprize kubwa ikatoa kazi ya kuta na msingi kwa antreprize ndogo. Antreprize ndogo ikampa fundi mmoja kazi ya beto. Fundi huyo ndiye alikuja kwetu akasema, "Mama zangu, leteni kokoto, hii ni kazi ya serikali, pesa haiwezi kupotea." Tukaamini neno "serikali". Tulipodai, fundi alitutuma kwa antreprize ndogo. Antreprize ndogo ikasema haitujui. Ile kubwa ikatuonyesha kwamba ilikwisha kulipa. Na jengo la shule ni mali ya watu wote, huwezi kulikamata kwa sababu ya deni.

Tulikuwa katika masumbuko hayo wakati binti wa mmoja wetu alipopiga simu kutoka Marekani. Yeye na mume wake wanapaka rangi majumba huko. Mama yake alipomweleza habari ya kokoto, alicheka kidogo, kisha akasema, "Mama, na sisi tulilala njaa kwa jambo hilo hilo." Siku ya posho tulikutana wote kwa mama prezida, tukaweka simu katikati ya meza, akatueleza.

Walipewa kazi ya kupaka rangi katika jengo la serikali kuu. Aliyewapa kazi hakuwa antreprize kubwa, alikuwa mtu wa kuta aliyechukua sehemu ya kazi kwa ile kubwa. Walipomaliza, mtu wa kuta akaishiwa pesa, akaacha kujibu simu. Jirani mmoja akawaambia waulize habari ya dhamana ya malipo.

Huko Marekani kuna sheria ya mwaka 1935, inaitwa Miller Act. Wenye sheria waliona kwamba jengo la serikali halikamatwi kwa deni, basi mfanyakazi na muuza vifaa wanabaki mikono mitupu. Kwa hiyo wakaamuru: anayepewa kazi kubwa ya ujenzi wa serikali kuu alete kwanza dhamana. Kampuni ya dhamana inaahidi kwamba wale walio chini yake wasipolipwa, yenyewe italipa. Majimbo nayo yana sheria zao za namna hiyo, na siku zake hazilingani.

Tulipiga makofi. Binti akasema, "Ngojeni, mama zangu. Dhamana hiyo haimlindi mtu anayelala."

Akatufundisha masharti yake. Aliyepewa kazi moja kwa moja na antreprize kubwa hahitaji kuipasha habari kwa barua. Lakini aliyepewa kazi na mtu wa pili, kama wao, lazima aiandikie antreprize kubwa ndani ya siku 90 tangu siku yake ya mwisho ya kufanya kazi au kuleta vifaa. Barua iseme deni ni kiasi gani na kazi alimfanyia nani. Itumwe kwa njia inayoacha ushahidi kwamba imefika. Siku 90 zikipita bila malipo, anaweza kwenda mahakamani, lakini mwaka mmoja tangu siku ile ya mwisho usipite. Ukipita, mlango umefungwa.

Na hapo ndipo waliponusurika. Walimaliza kupaka rangi tarehe 4 Machi. Tarehe 20 Aprili waliitwa tena kurekebisha madoa mawili ukutani. Mume wake alihesabu tangu tarehe 20 Aprili, akasema bado wana muda mpaka Julai. Wakili akatikisa kichwa. Akawaambia mahakama nyingi hazihesabu siku ya kurudi kurekebisha makosa, wahesabu tangu 4 Machi. Siku ya mwisho ikawa 2 Juni. Barua yao iliondoka tarehe 26 Mei. Zilibaki siku 7 tu! Baada ya miezi kadhaa walilipwa bila kufika mbele ya hakimu.

Mama mweka hazina akauliza swali lililokuwa moyoni mwa wote: "Binti yetu, kama shule yetu ingekuwa huko, tungelipwa?"

Akakaa kimya kidogo. Kisha akauliza tulikuwa wa ngapi katika mstari. Tukahesabu kwa vidole: antreprize kubwa, antreprize ndogo, fundi, halafu sisi. Akasema, "Hapana, mama. Dhamana ile inafika kwa aliyefanya kazi na antreprize ndogo. Anayemuuzia yule fundi yuko mbali sana, yuko nje."

Tulinyamaza. Tulidhani shida yetu ni kwamba tuko Kongo. Kumbe hata huko tungekosa, kwa sababu hatukuuliza tumesimama wapi katika mstari kabla ya kubeba jiwe la kwanza.

Tukaenda kwa avoka wa hapa Lubumbashi ili tujue sheria ya kwetu. Alituonya tusimpelekee hakimu siku za Marekani. Kwetu masoko ya serikali yana sheria ya tarehe 27 Aprili 2010. Dhamana ya kumaliza kazi vizuri ambayo antreprize inaitoa inamlinda mwenye soko, yaani serikali, kazi ikiharibika. Haikuwekwa kwa ajili ya mama anayevunja mawe. Njia yetu ni kumdai yule tuliyepatana naye. Tangu 2012 nchi yetu iko katika sheria za OHADA, na humo kuna njia fupi: kumwomba rais wa tribinali atoe amri ya kulipa. Lakini deni liwe la hakika, kiasi chake kijulikane, na muda wake wa kulipwa uwe umefika.

"Mna karatasi gani?" avoka akauliza.

Mama mweka hazina akatoa daftari la shule la mtoto wake. Ndani yake kulikuwa na tarehe za kamioni zote 14. Lakini sahihi ya fundi ilikuwa kwenye kamioni 9 tu. Zile 5 zilipelekwa jioni, fundi akiwa ameondoka, na sisi tukaona haya kumsumbua kesho yake kwa ajili ya sahihi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari, tukalijaza nusu.

Avoka aliandika barua ya kudai, akaeleza kwamba tutaenda kwenye tribinali. Fundi alikuja mwenyewe baada ya siku chache. Alilipa kamioni 9, dola 630, mara mbili. Zile 5 alizikana mbele yetu, akitutazama machoni. Dola 350 zimelala ndani ya ule msingi. Kwa kila mama ni kama dola 32. Kwa mmoja wetu hiyo ilikuwa minervali ya binti yake wa sekondari, na binti huyo alikaa nyumbani mpaka kikundi kilipochanga.

Tangu hapo tumejiwekea desturi, na tunawaomba muichukue. Kabla ya kupeleka mzigo wa kwanza tunauliza: kazi ni ya nani, nani ana kontra kubwa, na wewe unayetuita umepewa na nani? Majibu tunayaandika, na jina kamili. Tukiweza, tunapatana na antreprize yenyewe, si na mtu wa tatu. Kila kamioni ina boni yake yenye tarehe, kiasi na sahihi. Bila sahihi, mzigo haushuki. Siku ya mzigo wa mwisho tunaiwekea alama nyekundu kwenye kalenda, na mwezi ukiisha bila malipo tunaandika barua, tunabaki na kopi iliyosainiwa. Na kwa ndugu zenu walio ng'ambo wanaofanya kazi za ujenzi, waambieni waulize habari ya dhamana siku ya kwanza, si siku ya kulia.

Wiki iliyopita fundi mwingine alikuja kutuita kwenye shantie ya kituo cha afya. Alisema, "Mama zangu, hii ni kazi ya serikali." Mama mweka hazina alimpa kiti na maji ya kunywa. Kisha akafungua daftari.