Swali la Kumi na Nne

Ninataka kuwasimulia juu ya kazi niliyoifanya kwa muda wa miezi sita tu, na juu ya mtoto mmoja ambaye sikumtendea haki.

Nilipomaliza masomo yangu ya sosholojia hapa Lubumbashi, niliajiriwa na chuo kikuu kuwa msaidizi katika utafiti juu ya maisha ya watoto wa mji na jinsi yanavyobadilika. Mkataba ulikuwa mfupi na mshahara ulikuwa mdogo. Hata hivyo nilimshukuru Mungu, kwa maana katika nyumba yetu mimi nilikuwa wa kwanza kupata kazi ya kalamu.

Tulikuwa vijana wanne, kila mmoja na sehemu yake ya mji. Mimi nilipewa Katuba. Kwanza tulifundishwa utaratibu: kuomba ruhusa ya mzazi, kumwuliza mtoto mwenyewe kama anakubali, kuandika namba mahali pa jina, na kuketi naye pale ambapo watu wengine wanatuona. Mtoto aliombwa kuchora ramani ya mahali pote anapokwenda katika juma moja. Kisha tulimwuliza maswali ishirini. Tulionywa tusimtie mtoto jibu kinywani. Akinyamaza, tungoje, akizidi kunyamaza, tuweke alama kwenye kisanduku cha "hakuna jibu" na kuendelea na swali linalofuata.

Tulizungumza na wazee pia, ili kuufahamu utoto wa zamani. Wengi wenu mnaijua historia hii. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto wao, ili wasirudi vijijini. Kambini mtoto alipata shule, matibabu na posho ya unga. Mwaka 1967 mali ya kampuni hiyo hapa nchini ilichukuliwa na serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1990 uzalishaji ulianguka sana, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Tangu hapo familia nyingi zilianza kuishi kwa biashara ndogondogo, na utoto ukabadilika pamoja nazo.

Nkambo mmoja aliyezaliwa kambini alinipokea chini ya mwembe wake. Nilidhani ataniambia kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Alinikatiza mapema.

"Mwanangu, usiandike kwamba sisi tulikuwa na heri na hawa wana taabu tu. Sisi tulishiba, ndiyo. Lakini king'ora cha kazi ndicho kilichopanga siku yetu, na mtoto akikosea, lawama ilimfikia baba yake kazini. Tena mtoto ambaye baba yake hakuwa na namba ya kampuni alikuwa akitutazama kutoka nje."

Nikamwuliza kama hakuna chochote anachokikumbuka kwa hamu. Alifikiri, kisha akasema: "Mtu mzima aliyeketi. Jioni, kwenye kila mlango palikuwa na mtu mzima ameketi. Ukipita na machozi, alikuuliza."

Niliyaandika maneno hayo bila kuyapa uzito. Nilianza kuyaelewa nilipozitazama ramani za watoto. Zilikuwa na mambo ya kufurahisha. Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali hazitozi karo, nami nilikutana na watoto wengi wenye madaftari ambao wakubwa wao hawakuwahi kuketi darasani. Lakini madarasa yamejaa, na shule nyingine hupokea kundi moja asubuhi na jingine mchana. Mtoto hubaki na nusu siku isiyo na mwalimu wala mzazi. Msichana mmoja alichora njia ya kwenda kwenye kisima cha pampu kwa mstari mnene kuliko njia ya shule, kwa kuwa huipita mara tatu kabla ya kengele. Mvulana mwingine alichora ukuta wa parseli yao na ndani yake simu. Mama yake anaogopa magari na watu wabaya, kwa hiyo hatoki. Mmoja anauzunguka mji mzima akifanya kazi, mwingine haujui mji wake. Wote wawili hukaa bila mtu mzima mpaka usiku. Mama yuko sokoni, baba amekwenda kutafuta riziki kwenye machimbo ya Kolwezi, na kaka mkubwa yuko kwenye pikipiki.

Swali la kumi na nne lilikuwa hili: "Jambo baya likikupata, unamwambia nani?"

Watoto wengi walijibu: mama. Wengine walimtaja bibi, au rafiki, au mwalimu. Siku moja nilimwuliza mvulana wa miaka kumi na mmoja aliyekuwa akiuza maji ya mifuko. Aliliweka beseni lake chini, akaitazama karatasi yangu.

"Yaya, jambo baya la namna gani?"

Utaratibu ulinikataza kutoa mfano. Nikamwambia: "Lolote lile."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Nilingoja kama nilivyofundishwa. Mwishoni akasema: "Basi, hakuna mtu."

Katika mfuko wangu mlikuwa na karatasi ya kumpeleka kwa msaidizi wa jamii mtoto aliyeeleza kwamba anatendewa vibaya. Huyu hakuwa ameeleza neno. Na mimi nilikuwa bado na watoto wanne wa kuhoji kabla ya jua kuchwa. Niliandika jibu lake, nikamaliza maswali, nikampa kalamu kama tulivyompa kila mtoto. Alipokuwa akiliinua beseni lake aliniuliza: "Utarudi?" Nikamjibu: "Nitarudi." Ninaungama kwamba nilisema hivyo ili kumaliza mazungumzo.

Majuma yalipita. Majibu yote yaliingizwa katika kompyuta, na yule mvulana akawa alama moja katika safu ya "hakuna mtu". Siidharau kazi hiyo. Watoto wasiohesabiwa husahaulika kwa urahisi zaidi, na mpaka leo ninaamini kwamba utafiti ule ulikuwa wa lazima. Lakini jioni moja nilirudi nyumbani nikamkuta mdogo wangu wa miaka tisa ameokota karatasi tupu ya maswali na kuijaza mwenyewe kwa penseli. Nilicheka, nikaanza kusoma. Kwenye swali la kumi na nne alikuwa ameandika: "Yaya, kama haandiki."

Sikulala vizuri usiku ule. Miezi mitano nilikuwa nikiwasikiliza watoto wa watu kwa ajili ya mshahara, na mtoto wa nyumba yangu alikuwa akingoja niweke kalamu chini.

Mkataba ulipokwisha nilikwenda Katuba kumtafuta muuza maji. Nyumba ilikuwa na wapangaji wengine. Jirani aliniambia kwamba familia ile ilishindwa kulipa kodi, ikahama. Alidhani wamekwenda upande wa Likasi. Nimeuliza mara nyingi tangu siku ile. Sijampata.

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, mitume wanabishana njiani juu ya nani aliye mkubwa. Yezu anaketi, anamtwaa mtoto, anamweka katikati yao, anamkumbatia, na kusema nao. Nilikuwa nimelisikia somo hilo mara nyingi kanisani, na sikuwahi kuona kwamba Bwana wetu aliketi kwanza. Nkambo wa Katuba alikuwa ameniambia jambo hilohilo. Mimi pia niliketi mbele ya yule mtoto, lakini niliketi kama mtu anayeitazama saa.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma tunamfahamu kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiuzwe kwa watu, na kwa sababu hiyo akauawa mwaka 2007. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Mara chache tunakumbuka kwamba kijana huyo, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa rafiki wa watoto wa barabarani. Alikuwa na kazi yake ya serikali, na kwa watoto wale hakuwa na mkataba wowote. Ninafikiri kwamba moyo uliokataa kuwauzia watu sumu ulikuwa umejifunza mengi karibu na watoto hao.

Sisi vijana hatuwezi kujaza machimbo yaliyochukua baba, wala kuwarudisha mama kutoka sokoni. Tunaweza kuketi. Katika parokia yetu, kila Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, wawili wetu hukaa uani karibu na kanisa kwa saa moja na nusu. Paroko anajua, wazazi wanajua, na hatukai na mtoto mahali pa siri. Hatuna karatasi. Tunacheza, tunasaidia hesabu za shule, tunangoja. Mtoto akitueleza jambo la kumdhuru, hatulifichi. Tunawapelekea wakubwa waliowekwa kwa kazi hiyo, maana sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu asiyefika miaka kumi na minane. Kuna Jumamosi ambazo haji hata mmoja. Tunakaa vilevile, ili atakayekuja juma lijalo atukute.

Ile karatasi ya mdogo wangu ninaiweka ndani ya Biblia yangu. Na ninapopita sokoni nikaona mvulana mwenye beseni la maji kichwani, bado ninamtazama uso.

Maswali ya kushirikishana katika kikundi:

1. Katika avenyu yetu, ni mtoto gani ambaye hana mtu wa kumwambia shida yake?

2. Mdogo wangu, au mtoto wa nyumba yangu, angeandika nini kwenye swali la kumi na nne?

3. Ni saa gani ya juma tunayoweza kuitoa pamoja, na kuilinda hata siku ambayo haji mtu?