Choo Kilichoiokoa Safari ya Kipupwe

Kipupwe chetu cha pwani na majira ya baridi ya New Zealand huangukia miezi ileile, Juni hadi Agosti. Huku ni kuongeza shuka alfajiri. Kule Kisiwa cha Kusini ni lami iliyoganda na minyororo ya matairi iliyowekwa karibu na mlango. Marafiki wanne hukodi gari la kulala, kampavani, lenye jiko la gesi, sinki na kitanda kinachokunjuliwa usiku. Hutoka Christchurch hadi ziwa Tekapo, wakapita Pukaki, ambalo maji yake yana buluu nzito ya unga wa mwamba uliosagwa na barafu, huku Aoraki, mlima wa mita 3,724, ukisimama mwisho wa upeo. Hupanda Lindis Pass, mita 971, wakateremkia Wānaka. Njia yenyewe ni ileile. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama usiku, na nani ana ruhusa ya kusimama. Tunaoikumbuka safari hiyo kabla ya 2011 hupenda kusema kwamba zamani ulilala popote giza lilipokukuta, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini kutoka hapo wengi huruka hadi kusema kwamba sheria za choo ndizo zilizoiua safari. Mimi nashikilia kinyume chake: choo ndicho kilichoiokoa, na kama kuna kosa, ni kwamba kilichelewa.

Uhuru ule wa zamani uliwezekana kwa sababu wageni walikuwa wachache, na sheria haikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Mwaka 2010 nchi hiyo ilipokea wageni wapatao milioni 2.5 kutoka nje. Kufikia 2019 walikaribia milioni 3.9, katika taifa la watu kama milioni tano. Wengi wao walitaka maziwa yaleyale. Sheria ya kupiga kambi bila malipo ilipitishwa Agosti 2011, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la Raga, na msingi wake ulikuwa wa ukarimu: ardhi ya halmashauri iko wazi kwa wapiga kambi isipokuwa halmashauri yenyewe iweke zuio. Gari lililojitosheleza lilibandikwa stika ya buluu, kwa kufuata kiwango cha taifa cha 2001: maji safi lita 4 kwa kila mtu kwa siku, ya kutosha siku 3, tangi la maji machafu, na choo. Tatizo lilijificha katika neno hilo la mwisho. Choo kiliruhusiwa kuwa cha kubebeka, kindoo cha plastiki chenye mfuniko, na katika magari mengi madogo kilisukumwa chini ya kitanda, nyuma ya mabegi na makoti, mahali ambapo usiku usingekifikia bila kuwaamsha wote na kukunja godoro. Stika ilikuwa kwenye kioo, watu wakaenda vichakani. Mwaka 2017 kiwango kilirekebishwa ili choo kiweze kutumika hata kitanda kikiwa kimetandikwa. Ukweli kwamba jambo hilo ilibidi liandikwe unatosha kuonyesha hali ilivyokuwa.

Wapo wanaosema: sawa, lakini hayo ni ya Januari, ufuo ukiwa umejaa. Wakati wa baridi mahema yametoweka, maegesho yako matupu; magari matatu kando ya ziwa yatadhuru nini? Hoja hii ina mvuto, na wasafiri wa baridi mara nyingi ndio waangalifu zaidi. Lakini baridi huhifadhi. Kinachooza upesi katika joto hukaa kwa muda mrefu kwenye udongo ulioganda, theluji hukifunika, na ikiyeyuka maji yote huteremkia palepale, ziwani. Na maji haya si mapipa makubwa yasiyoshiba; kitu kidogo kinachoingia kinaweza kuyabadilisha. Mwaka 2004 mwani wa didymo ulionekana kwa mara ya kwanza nchini humo katika mto Waiau wa kusini, ukafunika mawe kwa utando mzito, na tangu hapo wasafiri huombwa kukagua, kusafisha na kukausha vyombo vyao kabla ya kugusa maji mengine. Tone moja tu linaweza kuubeba. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walikuwa na hoja yao kabla ya maabara kusema lolote: kwa desturi yao uchafu wa binadamu hauchanganywi na maji, kwa kuwa maji hayo yana uhai na yana wenyewe. Sioni kwa nini heshima hiyo ipumzike miezi mitatu kwa sababu wageni wamepungua.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa, na silipuuzi. Sheria mpya iliyoanza kutumika Juni 2023 inataka choo kilichofungwa imara ndani ya gari, si kindoo, na ndiyo inayolipa gari haki ya kulala kwenye ardhi ya halmashauri, isipokuwa pale halmashauri iliporuhusu vinginevyo. Cheti hutaja idadi ya watu ambao gari linaweza kuwatosheleza. Hapo ndipo kundi la marafiki linapobanwa: gari la bei nafuu la watu wawili haliwi la wanne kwa kuwa tu wamekubali kubanana. Vijana waliokuwa wakinunua gari kuukuu, wakalitia godoro na kuondoka, ndio walioumia. Hilo ni la haki kulisema. Lakini gharama ilikuwepo tangu mwanzo, ila ililipwa na wengine: wilaya ya Mackenzie, yenye maziwa ya Tekapo na Pukaki na wakazi kama elfu tano, ilikuwa ikisafisha nyuma ya watu wengi kuliko wakazi wake. Wazee wetu walimpa mgeni jembe siku ya tatu, na hakuna aliyeuona huo kuwa uchoyo. Isitoshe, asiye na gari la cheti hakufukuzwa barabarani. Idara ya Uhifadhi ina viwanja vingi vya kambi vyenye vyoo vyake, kwa ada ndogo. Alichopoteza ni kulala popote.

Je, popote ndiyo roho yenyewe ya safari? Itazame barabara ya Milford, kilomita zipatazo 120 kutoka Te Anau, inayopenya mlima kwa handaki la Homer lililofunguliwa 1954. Mwaka 1983 maporomoko ya theluji yalimuua mfanyakazi wa barabara aliyekuwa akiisafisha. Tangu hapo theluji hupimwa kila baridi, helikopta hudondosha baruti ili kuiporomosha kwa makusudi, barabara hufungwa inapobidi, na vibao vinakataza kusimama katika eneo la hatari. Hakuna msafiri anayelia kwamba vibao hivyo vimeua uhuru. Kila mtu anaona kwamba bila kazi hiyo barabara ingefungwa majira yote ya baridi. Choo kimefanya vivyo hivyo, ila hatari yake ilikuja taratibu: subira ya wenyeji ilikuwa ikiporomoka, halmashauri moja baada ya nyingine ikifunga maegesho ya kando ya ziwa, kwa magari yote, safi na machafu.

Na kuna jambo ambalo wazee wa barabara hawakulijua, la marafiki wenyewe. Zamani uchafu haukuwa wa mtu. Sasa tangi la choo lina mpini, lina kipimo kinachoonyesha limejaa kiasi gani, na asubuhi yenye jalidi mmoja wa wale wanne sharti avae glavu alibebe hadi kituo cha kumwagia, kule mji wa Twizel, huku mwingine akimshikia mlango, na jioni wapange zamu ya kesho kabla ya kuzima hita.