Budondo Baada ya Kufungiwa: Yaliyopita na Yaliyobaki

Msafiri atokaye Kampala kuelekea mashariki huenda kilometa zipatazo 80 kabla hajavuka mto Nile na kuingia Jinja. Akishika barabara kuu atapita Iganga, na hatimaye atafika Mbale, karibu na Mlima Elgon. Lakini akigeukia kaskazini na kuufuata mto kwa ukingo wake wa mashariki, ataingia Budondo, nchi ya Wasoga, yenye migomba, mibuni, viazi vitamu na miwa. Upande huu ndiko yalikokuwa maporomoko ya Bujagali, ambayo sasa yamelala chini ya maji ya bwawa la umeme lililozinduliwa mwaka 2012.

Ndugu msomaji, makala haya hayakusudii kusifu mandhari. Yanakusudia kueleza jinsi mwenendo wa kila siku wa watu wa hapa ulivyogeuka wakati wa ugonjwa wa korona, na kutazama ni lipi lililopita na lipi lililobaki.

Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 21 Machi, 2020. Shule zilikuwa zimekwisha fungwa siku moja kabla. Zikafuata amri nyingine upesi upesi: mipaka na uwanja wa ndege wa Entebbe vikafungwa kwa abiria, magari ya abiria yakasimamishwa, na kuanzia tarehe 31 Machi watu wakakatazwa kutoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hata magari ya watu binafsi yalizuiwa. Katikati ya hali hiyo, tarehe 1 Julai, Jinja ikapandishwa hadhi kuwa jiji, na Budondo ikaingizwa ndani ya mipaka yake. Hivyo watu wa hapa waliingia katika kufungiwa wakiwa wanakijiji, wakatoka wakiwa raia wa jiji.

Jambo la kwanza kubadilika lilikuwa salamu. Salamu ya Wasoga haina haraka. Watu hushikana mikono na kuulizana habari za nyumbani, za watoto na za shamba. Binti au mke hupiga magoti mbele ya mkubwa wake. Ghafla mkono ukawa kitu cha kuogopwa. Watu wakasalimiana kwa kiwiko, au kwa kupunga wakiwa ng'ambo ya njia. Magoti hayakukatazwa na mtu, nayo yakaendelea kupigwa, ila kwa mbali. Mbele ya maduka na nyumba za ibada vikawekwa vibuyu chirizi, yaani madumu ya maji yanayoinamishwa kwa kukanyaga kijiti, ili mtu anawe bila kugusa kitu. Barakoa nazo zikavaliwa, lakini kwa namna yake: ilikaa kidevuni au mfukoni, ikapanda puani pale tu kizuizi cha polisi kilipoonekana.

Usafiri ulileta taabu kubwa zaidi. Vijana wengi wa Budondo huishi kwa bodaboda. Walikatazwa kubeba abiria, wakaruhusiwa mizigo tu, tena hapo mwanzo hadi saa nane mchana; ruhusa ya kubeba abiria ilirudi tarehe 27 Julai, 2020. Mahali ambapo pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, amri hiyo ilikuwa nzito. Hapo mwanzo hata mama mwenye uchungu wa kuzaa alihitaji kibali cha mwakilishi wa Rais wilayani ndipo gari limpeleke hospitali. Sharti hilo liliondolewa kwa waja wazito baada ya majuma machache, lakini uchungu wa kuzaa haujui majuma. Wanawake wa vijijini walirudia kutembea kwa miguu, au kujifungulia nyumbani mikononi mwa bibi zao.

Jikoni pia mambo yaligeuka. Bei ya chumvi ilipanda mara moja, hata Rais akawaonya wafanyabiashara. Wauza chakula sokoni waliamriwa walale huko huko sokoni, wasirudi nyumbani kila siku kwenda na kurudi na ugonjwa. Hata hivyo, mwenye shamba la viazi vitamu alikuwa na nafuu kuliko mpangaji wa mjini aliyezoea kununua kila mlo. Wengi waliopoteza kazi Jinja na Kampala walirudi kwa wazazi wao kushika jembe. Mama wa nyumbani aliyekuwa na tuta la mchicha, maharagwe machache na kuku wawili akaonekana tajiri. Wanaume nao, waliozoea kuondoka alfajiri na kurudi usiku, walishinda nyumbani na kuona kwa macho yao kazi ambayo mke huifanya tangu jogoo la kwanza. Baadhi walijifunza kuchota maji. Baadhi, kwa aibu ya kukosa fedha, walijifunza kupiga.

Misibani ndiko moyo wa watu ulikoumia. Kwa Wasoga mazishi ni ya ukoo na kijiji kizima. Watu hulala matanga, hupika pamoja na kulia pamoja. Amri iliruhusu ndugu wa karibu tu, wasiozidi kumi. Jirani alizikwa huku jirani yake akitazama kutoka kwenye migomba.

Nikiwa mtumishi wa serikali niliyesomea ualimu, jicho langu hukimbilia shuleni. Wanafunzi wapatao milioni 15 nchini Uganda walipelekwa nyumbani. Madarasa ya mitihani yaliitwa Oktoba 2020 na mengine yakafuata kwa zamu, lakini Juni 2021 wimbi la pili lilifunga kila kitu tena. Shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari, 2022. Masomo yalitolewa kwa redio, lakini redio huhitaji betri, na betri huhitaji fedha. Shamba la miwa, kwa upande wake, hutoa fedha. Mtoto wa miaka 13 aliyekwisha kushika ujira wa kukata miwa si rahisi kumrudisha kwenye dawati. Wasichana nao walipata hasara yao: UNICEF ilitangaza kwamba kati ya Machi 2020 na Juni 2021 mimba za wasichana na wanawake vijana nchini ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Baadhi ya walimu wa shule za binafsi, waliokosa mishahara, waliingia katika bodaboda na biashara ndogo ndogo, wasirudi tena.

Sasa basi, ni lipi lililobaki? Amri ya kutotoka usiku iliondolewa Januari 2022. Barakoa nazo zikaondoka baadaye. Vibuyu chirizi vingi vikakauka. Mikono ikarudi kushikana, na matanga yakajaa watu kama zamani. Kwa ufupi, yale yaliyoamriwa yaliondoka pamoja na amri. Yaliyobaki ni yale ambayo hayakuamriwa na mtu: binti aliyekuwa darasani sasa ana mtoto mgongoni, na mvulana amelizoea panga la miwa. Shida haina tangazo la kuifuta.

Jambo hili si la historia tu. Novemba 2022 ugonjwa wa Ebola ulithibitishwa Jinja, na mwezi huo huo shule zote za awali, msingi na sekondari nchini zikafungwa majuma mawili kabla ya muhula kwisha. Ebola ilipotangazwa tena Januari 2025, Mbale ilitajwa miongoni mwa miji iliyohusika. Yaani maradhi yanaijua barabara hii vizuri.

Kwa hiyo wazazi na viongozi, tusingoje tangazo jingine. Kibuyu chirizi ni dumu, kamba na kijiti. Kirudishwe leo, kwa kuwa kuhara hakungoji korona. Tuta la mboga lisiachwe kuota magugu. Zaidi ya yote, kila kijiji kihesabu watoto wake waliotoka shuleni mwaka 2020 wasirudi, na kiwaite kwa majina. Wizara ya Elimu ya Uganda iliagiza mwaka 2022 kwamba msichana aliyezaa apokewe shuleni. Mlango upo wazi. Kinachohitajika ni nyanya wa kumshikia mtoto, na jirani asiyemcheka mama yake anapopita na sare.