Dau la Mnyonge: Kiangazi Katika Bandari ya Wavuvi, Shimoni

Miongoni mwa methali tunazozikariri tangu shule ya msingi ni ile isemayo kuwa dau la mnyonge haliendi joshi. Aghalabu hufasiriwa kwa sentensi moja tu, kwamba asiye na uwezo hafanikiwi, kisha darasa likaendelea na methali nyingine. Fasiri hiyo si potofu, ila imeliacha nje dau lenyewe, imeuacha nje upepo, na imemwacha nje mnyonge aliyemo ndani ya dau. Katika makala haya nakusudia kuirejesha methali hiyo ilikozaliwa, yaani bandarini kwa wavuvi, na hasa katika majira ya kiangazi, kwa kuwa hayo ndiyo majira ambayo hata dau la mnyonge hufika mbali.

Mimi ni mzaliwa wa Mbololo, katika milima ya Wataita inayoutazama mji wa Voi kutoka juu. Kwetu neno kiangazi halina raha. Januari ikiingia, mahindi na pojo za vuli huwa zinavunwa, kama vuli ilikubali. Baada ya hapo ni jua, vumbi jekundu na foleni za mitungi kwenye mabomba ya maji. Ndovu nao hutoka mbugani Tsavo kutafuta maji na chakula, na mwenye shamba bondeni hukesha akipiga debe. Mama mzazi akisema kuwa kiangazi cha mwaka huu ni kirefu, kila mtu nyumbani hutazama ghala. Samaki tunawajua sokoni Voi: ng'onda na papa mkavu kutoka pwani, na perege wa ziwa Jipe, lililo mpakani mwa kaunti yetu na Tanzania. Bahari yenyewe iko umbali wa kilomita 150 hivi kwa barabara, na wengi wetu huifahamu kwanza kupitia vitabu vya fasihi.

Nilikwenda Shimoni mwezi wa Januari kukusanya msamiati wa uvuvi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nikakaa huko wiki sita. Shimoni ni kijiji kilicho karibu na mpaka wa kusini wa pwani ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, kikitazamana na kisiwa cha Wasini. Jina lake latokana na mapango ya mawe ya matumbawe yaliyopo hapo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili ni mahali pa thamani isiyo kifani: Kichifundi husemwa hapo, Kivumba husemwa ng'ambo Wasini na kule Vanga, na Kipemba husemwa na wavuvi waliovuka mkondo kutoka kisiwani Pemba. Mwenyeji wangu alikuwa nahodha wa zamani aliyekwisha kuiacha kazi ya bahari. Nitamwita mzee tu, maana ndivyo kila mtu alivyomwita.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia siku ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Umeshuka milimani kuja kuokota maneno? Basi lala mapema. Maneno huamka alfajiri."

Somo lake la kwanza lilihusu upepo. Sisi sote hufundishwa pande nne za dunia, lakini ni nadra kuelezwa kuwa mbili kati ya hizo ni pepo. Kaskazini ni huko kaskazi itokako, na kusini ni huko kusi itokako. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Ni upepo mkavu usio mkali sana, na bahari chini yake huwa tulivu na safi. Kusi huanza Aprili au Mei pamoja na mvua za masika, hushika nguvu Juni na Julai, kisha hupungua polepole na kuleta demani. Katikati ya kaskazi na kusi zipo siku za tanga mbili, ambapo chombo chaweza kuelekea huku au huku. Watu wa Ulaya wanapofurahia kiangazi chao mwezi wa Julai, wavuvi wa Shimoni huwa wanautazama mkondo wa Pemba ulivyochafuka, na wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba wakigombea samaki wachache. Kiangazi chao wao ni Januari na Februari, chini ya kaskazi. Hapo ndipo nguru, jodari na kolekole hupatikana kwa wingi nje ya miamba, na hapo ndipo mvuvi hutarajia kulipa deni, kushona nguo za watoto na kuweka akiba ya kusi.

Niliposikia hayo nilitambua jambo ambalo kamusi haikuweza kunieleza. Neno ni lile lile, na majuma ni yale yale, lakini kiangazi kinachomtia hofu mkulima wa Mbololo ndicho kinachomvusha mwaka mvuvi wa Shimoni. Mmoja anafunga ghala wakati mwenzake analifungua.

Siku ya bandari haifuati saa ya ukutani, hufuata maji. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Maji yakipwa sana, wanawake na vijana hushuka miambani kuchokoa pweza. Yakiwa mafu, wavuvi wa mshipi hupenda kutoka, kwa sababu mikondo huwa haina nguvu. Alfajiri, baada ya swala, watu hukutana ufuoni wakiwa na chai na mahamri. Mashine hubebwa begani, mitungi ya mafuta hufuata, kisha barafu, chambo na maji ya kunywa. Wenye matanga hutoka na umande, upepo wa nchi kavu uvumao kabla ya jua kuchomoza, na hurejea alasiri kwa upepo wa bahari. Kwa hiyo hata asiye na mashine, katika kiangazi, husukumwa kwenda na husukumwa kurudi.

Adhuhuri bandari huwa ya mafundi. Nyavu hutandazwa kivulini na kushonwa. Mashua iliyopandishwa pwani hutiwa kalafati, yaani pamba iliyotiwa mafuta hupigwa kwa patasi katika mianya ya mbao. Mzee alinionyesha mahali walipozoea zamani kuchemsha sifa, mafuta ya maini ya papa, ili kupaka ubao wa juu, na deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kwa sehemu izamayo majini. Siku hizi rangi ya dukani imechukua nafasi ya vyote viwili. Karibu na hapo palikuwa na dema mpya, mtego uliosukwa kwa fito. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinawataja watu wa kisiwa kimoja cha mwambao huu waliovua kwa vikapu vilivyofungwa katika njia za maji. Aliyekuwa akisuka dema lile hakusimama kunisikiliza nilipomweleza hayo. Alikuwa na matano ya kumaliza kabla ya bamvua.

Vyombo vikirudi, shughuli huhamia bandani. Samaki hupangwa: changu, tafi na pono upande mmoja, tewa na kolekole upande mwingine, pweza katika ndoo yake. Karani wa kikundi cha usimamizi wa ufuo huandika uzito, utaratibu uliotiwa nguvu na kanuni za serikali za mwaka 2007. Kwanza huondolewa kitoweo, samaki ambao kila baharia hupeleka nyumbani. Kisha huondolewa gharama za mafuta na barafu. Kinachosalia hugawanywa mafungu: fungu la chombo, fungu la mashine, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Ikiwa chombo, mashine na nyavu vyote ni mali ya mtu mmoja, na mtu huyo hakwenda baharini, msomaji atapiga hesabu mwenyewe.

Mtu huyo huitwa tajiri. Ndiye anayenunua samaki, na mara nyingi ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu. Aliyekopeshwa hulazimika kumuuzia yeye, kwa bei aitakayo yeye. Si haki kumchora tajiri kama dhalimu wa hadithini, kwa maana wakati wa kusi, mtoto anapougua usiku, ndiye anayegongewa mlango. Hata hivyo, deni la kusi hulipwa kwa samaki wa kaskazi, na samaki wa kaskazi wakishalipa deni, kusi hurudi na kumkuta mvuvi mikono mitupu. Kijana mmoja, baharia wa mashua ya watu saba, aliniambia kuwa huo ulikuwa mwaka wake wa nne wa kulipia nyavu ambazo zilikwisha kuchakaa.

Hapo ndipo methali yetu ilipofunguka. Kwenda joshi ni kuukabili upepo, na chombo huukabili upepo kwa tanga zuri, mlingoti imara na watu wa kutosha. Siku hizi kwa mashine yenye nguvu. Dau la mnyonge halina hayo. Kwa hiyo wakati wa kusi, samaki wanapokuwa adimu na bei inapopanda, mnyonge yumo ndani ya miamba ilhali mwenye chombo kikubwa yuko nje. Wakati wa kaskazi mnyonge naye hutoka, lakini siku hizo kila mtu ana samaki, na bei huanguka. Waliotunga methali hii hawakuwa wakibuni taswira ya kupendeza. Walikuwa wakieleza hesabu ya mwaka mzima.

Wapo pia wasiopanda chombo chochote lakini huishi kwa chombo. Mama karanga, kama waitwavyo pwani ya Kenya, hununua samaki wadogo, huwakaanga na kuwauza vijijini. Tajiri huchukua wakubwa kwanza. Mama karanga hungoja wanaosalia. Niliwaona wakikaa kwenye kivuli cha banda tangu saa sita hadi jioni, karai likiwa tupu, wakijua kwa kuutazama mwendo wa mashua kama imebeba kitu au la. Siku ambayo barafu ilikosekana ndiyo waliyopata samaki wengi. Hasara ya mmoja ikawa chakula cha mwingine, kama ilivyo kwa kiangazi chenyewe.

Hali ya Wapemba nayo yahitaji kutajwa. Wengi wao walizaliwa Kenya, na wazazi wao pia, lakini kwa miongo mingi hawakuhesabiwa kuwa raia. Asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi kwa jina lake, wala mkopo wa benki, hivyo hubaki baharia katika chombo cha mwingine hata awe hodari wa kusoma nyota na mikondo kuliko mwenye chombo. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Sisi tulio vyuoni tulikuwa tukiyachukua maneno yao na kuyaingiza katika tasnifu, ilhali wenyewe hawakuwa na karatasi ya kuonyesha kuwa wapo.

Msomaji aweza kuuliza, haya yana uhusiano gani na fasihi? Nadhani uhusiano ni wa karibu mno. Charles Sacleux alipochapisha kamusi yake mwaka 1939 alihifadhi maneno mengi ya bahari, na mengi kati ya hayo leo hupatikana tu kwa wazee kama mwenyeji wangu. Haji Gora Haji (1933–2021), mzaliwa wa Tumbatu, alikuwa mvuvi na baharia miaka mingi kabla diwani yake ya Kimbunga haijachapishwa mwaka 1994; ushairi wake ulitoka kazini. Riwaya ya Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi ilitupeleka kwa wapagazi wa bandari ya Unguja. Ningetamani kusoma riwaya inayomfuata baharia yule wa mwaka wa nne wa deni, kutoka kaskazi hadi kusi na kurudi tena.

Maneno haya hayafi kwa sababu vijana wanayadharau. Hufa kazi yake inapokwisha. Anayetumia mashine hana haja ya neno joshi, na mashua ya plastiki haihitaji kalafati. Katika miaka hii ya 2020 serikali ilianza kujenga bandari ya kisasa ya uvuvi hapo Shimoni. Hilo ni jema iwapo litampunguzia mvuvi hasara ya samaki kuoza na kumpa mnunuzi zaidi ya mmoja. Lakini gati kubwa hujengwa kwa ajili ya vyombo vikubwa, na swali la mzee lilikuwa fupi: "Madau yetu yatafungwa wapi?"

Napendekeza kuwa chama chetu kifanye safari za msimu, kaskazi na kusi, si safari moja ya Desemba. Mwenye kwenda wakati wa kaskazi pekee ataandika kuwa bahari ni tajiri. Aende tena Julai, madau yakiwa yamepandishwa pwani, akakae na watu wale wale. Vilevile wenzetu wa pwani waje Mbololo mwezi wa Februari, wasikilize neno kiangazi likitamkwa na mtu aliyekesha akifukuza ndovu. Methali hubeba maana nyingi, na wajibu wetu ni kujua ni nani anayebeba uzito wake. Kwa sasa mvuvi wa Shimoni anauhesabu mwaka kwa pepo mbili, na upepo mmoja tu kati ya hizo ndio unaomruhusu kutoka.