Kigego wa Darasa la Tatu

Mlalo, Lushoto

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imefika. Unasema mwanao ameshika mkia kwenye hesabu, na baba yake amekutuliza kwamba ukoo wao haukuzaliwa na hesabu, basi mumwache alivyo. Mkwe wangu namheshimu, ila kwa neno hilo hapana.

Habari za Mbegha, mtawala wa kwanza wa Wakilindi, umezisikia tangu utoto. Kule Ngulu aliota meno ya juu kwanza, na mtoto wa hivyo ni kigego, nuksi kwa jamaa zake. Hukumu yake ilisomwa kinywani kabla hajajua kusema. Jamaa walipokufa akalaumiwa yeye, akanyimwa urithi, akakimbia. Abdallah bin Hemedi ameyaandika yote katika *Habari za Wakilindi*. Na kilichompa enzi Vugha, huku Usambara, ni nini? Alijua kuwinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba ya Washambaa, alijua dawa, alijua kugawa nyama mpaka kila mtu akamhitaji. Hayo yote mtu hufundishwa. Kisha, na hili hunichekesha kila mara, uzao wake ukaja kusema utawala ni wa damu ya Kilindi!

Usidhani wasomi nao hawakuteleza hapohapo. Mwaka 1957 Marcelle Geber na mwenzake Dean walitoa taarifa kutoka Kampala kwamba watoto wachanga wa Kiafrika wako mbele ya wa Ulaya kwa nguvu za mwili. Wengi wakaona ni maumbile, yamekwisha. Baadaye Charles Super akakaa na Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, akatazama akina mama wanafanya nini. Akakuta wanawafundisha watoto kuketi, kwa kuwaweka kwenye kishimo kifupi na kuwaegemeza kwa nguo, na wanawafundisha kutembea kwa makusudi. Watoto hao waliketi na kutembea karibu mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyejishughulisha kuwafundisha, hawakumtangulia mtu. Hayo aliyachapisha mwaka 1976. Kama ingekuwa damu peke yake, ingechaguaje kuketi na kuacha kutambaa?

Kuna la hapa nchini pia, nalo ndilo linalomhusu mwanao. Robert Sternberg na wenzake waliwapa watoto wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo maswali ya kupanga kadi, ya kubahatisha kwa kuulizauliza, na ya kufikiri nani amemzidi nani. Baada ya jaribio la kwanza, badala ya kuandika alama na kuondoka, waliwafundisha kwa muda usiotimia saa moja namna ya kuyaendea maswali hayo, wakawapima tena. Alama zikapanda. La kushangaza zaidi, aliyekuwa juu mwanzo hakuwa lazima juu mwishoni. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Mimi nayasoma hivi: alama ya kwanza ilionyesha zaidi nani alishawahi kukutana na mambo ya namna ile kuliko nani ana kichwa.

Sikwambii watoto huzaliwa sawa. Nimelea, najua, mmoja hushika wimbo akiusikia, mwingine umwimbie mpaka jogoo awike. Kuna na wanaozaliwa na upungufu wa kweli, ndiyo maana kule Irente kuna shule zao. Lakini hata huko hufundishwa, wala hawaachwi walivyo.

Basi fanya hivi. Nenda shuleni na madaftari yake, la mwaka huu na la mwaka jana. Mwombe mwalimu mrudi nyuma pamoja mpaka muone ni wapi alianza kukosa mfululizo. Mara nyingi anayeshindwa kugawanya hakuwahi kuiva kwenye kuzidisha, na darasa lilishasonga. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama ni hesabu za darasa la pili na anaona aibu. Maneno ya ukoo yasisemwe mbele yake. Wala dada yake anayeongoza msimwimbie kwamba amezaliwa na akili. Siku somo likimshinda atadhani akili zimemtoka.

Na baba yake amchukue saiti Jumamosi, ampe kazi ya kukadiria matofali na mchanga. Mwambie nimesema mimi. Mtu aliyenijengea choo akakisia mifuko ya saruji kwa kichwa, na haukubaki hata mmoja, asinidanganye kwamba kwao hawana hesabu.

Viazi nimewatumia kwa basi la kesho, gunia nusu. Mpigie kondakta mapema.

Mjomba wako