Adui Aliyekuwa Mtoto

Mimi si bingwa wa sinema. Ni mwalimu wa Kibumba, katika njia ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, na kutazama hutazama mara moja moja tu, katika kibanda cha mbao chenye televisheni moja na mabenchi machache. Walakini hata mtazamaji wa namna hiyo ana macho, naye aweza kusema aliyoyaona.

Kwanza niliiona John Wick, iliyotolewa mwaka 2014. Mtu huyo amefiwa na mkewe; wahuni wanamwulia mbwa aliyeachiwa na marehemu, naye analipiza kisasi kwa kuua watu wengi, hata mtazamaji achoka kuhesabu. Sikatai, fundi wa mapigano ni fundi. Lakini katika maiti zote zile, ni nani aliyeliliwa? Sisi wa njia hii twaujua mlio wa bunduki, na twajua kwamba nyuma yake hufuata kilio cha mama, kaburi la kuchimbwa, na shamba la viazi lisilovunwa. Sinema hukatika kabla ya kufika hapo.

Kisha nikaona zile za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Katika Avengers ya mwaka 2018, Thanos apiga vidole tu, na nusu ya viumbe wote watoweka. Katika ile ya 2019 warudishwa. Vijana walipiga makofi. Mzee aliyeketi kando yangu hakupiga. Yeye aliiona kambi ya wakimbizi wa Rwanda hapa hapa Kibumba, Julai 1994, kipindupindu kilipoua maelfu katika kambi za pande za Goma. Akaninong'oneza: “Mwalimu, wale tuliowazika hawakurudi.”

Iliyonigusa ni Black Panther ya mwaka 2018. Wengi huisifu kwa ajili ya Wakanda, nchi ya Afrika iliyowaficha wageni madini yake ya ajabu. Nasi tunaoona koltani ya Rubaya ikienda mbali twaonja utamu wa ndoto hiyo. Lakini mimi nilimtazama adui, Killmonger. Alikuwa mtoto wa ukoo wa kifalme. Mfalme T'Chaka alimwua baba wa mtoto huyo, aliyekuwa ndugu yake mwenyewe, akamwacha mtoto huko Oakland, Marekani. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu ulimfunza vita. T'Challa alipoyajua hayo, alimlaumu hata marehemu babaye.

Usiku ule usingizi ulinipaa. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu mmoja, hodari wa hesabu, alikosa fedha za shule, akaacha kuja. Nilikata jina lake katika daftari, nikaendelea na somo. Kwao palikuwa mwendo wa nusu saa, sikwenda. Baadaye nikaambiwa ameonekana na bunduki begani. Mimi sikumwua baba yake, lakini kumwacha nilimwacha.

Basi, wazazi wenzangu, sisemi tuwakataze watoto sinema. Tuketi nao, tuwaulize: huyu aliyeanguka atazikwa na nani? Adui huyu ni mtoto wa nani? Na kesho yake, tukiona nafasi tupu katika benchi la darasa, tushike njia tukamtafute mwenyewe.